Breve na Diploma: Historia ya Njia Mbili za Shule Mjini Kindu

Mtoto wa Mikelenge anapomaliza darasa la nane, familia yake hufanya uamuzi utakaomfuata miaka mingi. Aliyefaulu vizuri huelekezwa kwenye humanite, yaani sekondari ya juu, za jumla au za pedagojia. Aliyesuasua, au ambaye wazazi wake wameishiwa pesa za minerval, yaani ada ya shule, huambiwa akajifunze ufundi. Desturi hii imeenea Kongo nzima, na Mikelenge, mojawapo ya komini tatu za mji wa Kindu pamoja na Kasuku na Alunguli, haikuibuni. Lakini Kindu ni mahali pazuri pa kuichunguza, kwa sababu mji huu ulikuzwa na mafundi. Bila watengeneza mashine, maseremala, wajenzi na mabaharia wa mtoni, pangebaki kijiji kimoja kati ya vijiji vingi vya kando ya Lualaba. Iweje basi mji wa mafundi uwafundishe watoto wake kwamba ufundi ni wa walioshindwa? Jibu linalotolewa kila siku ni kwamba Wakongomani wanapenda ofisi na kudharau kazi ya mikono. Jibu hilo nalikataa. Historia ya vyeti vya shule inaonyesha jambo jingine: dharau ilianzia kwenye karatasi, kisha ikahamia kwa watu. Kwa zaidi ya nusu karne aliyesomea ufundi alipewa cheti kisichomruhusu kupanda zaidi ya pale mwajiri alipotaka akae. Wazazi waliliona hilo, wakalikumbuka, na wakawaambia watoto wao.

Kabla ya shule za wakoloni hakukuwa na mgawanyo wa namna hiyo katika Maniema, jimbo la Kindu. Wahunzi walirithishana kazi ndani ya ukoo, na Wagenya waliwafundisha vijana wao mitumbwi na uvuvi majini. Katika miji ya waungwana, Nyangwe na Kasongo, watu walijifunza uashi, useremala na ushonaji kwa kukaa na fundi, huku watoto wakisoma Kurani kwa mwalimu. Mtu mmoja aliweza kujua kusoma herufi za Kiarabu na pia kujua kujenga nyumba, na hakuna aliyeona ajabu. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa njema. Biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliyoendeshwa na Tippu Tip na wenzake iliangamiza vijiji vingi, na ufundi wa miji ile ulitegemea jasho la watu waliotekwa. Ninachosema ni kidogo zaidi: elimu ya kitabu na elimu ya mikono hazikuwa ngazi mbili, moja juu ya nyingine. Nyangwe na Kasongo zilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, utaratibu ule nao ulivunjika, na mwingine ukaja kutoka Boma na Brussels.

Msingi wa utaratibu mpya uliwekwa kwa mapatano ya Mei 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikano. Misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule ambamo kilimo na kazi za mikono zingekuwa sehemu ya lazima ya masomo. Kwa mbali, hilo linaonekana kama heshima kwa ufundi. Ukilitazama kwa karibu unaona shabaha yake: koloni lilitaka mikono iliyofunzwa kiasi cha kutumika, wala si zaidi. Miaka ya 1920, baada ya tume ya waziri Louis Franck na mkataba wa 1925, serikali iliandika mfumo kamili, na kanuni za mwaka 1929 zikaueneza. Mtoto alisoma daraja la kwanza miaka miwili, daraja la pili miaka mitatu, na wachache wakaendelea na shule maalumu ya miaka mitatu: ya walimu, ya makarani au ya mafundi. Kila tawi liliishia pale lilipoanzia. Mwalimu alibaki kuwa msaidizi wa misheni, karani alibaki chini ya Mbelgiji, fundi alibaki fundi. Njia pekee ya kusoma kwa muda mrefu ilikuwa seminari, ndiyo maana Mkongomani wa kwanza kupata elimu ya juu ndani ya nchi alikuwa padri: Stefano Kaoze, aliyepewa upadirisho mwaka 1917 kando ya Ziwa Tanganyika. Chuo kikuu chenyewe, Lovanium cha Léopoldville, hakikufunguliwa hadi mwaka 1954.

Hapa panakuja pingamizi la kwanza, nalo lina uzito. Wazee wa reli hawakudharauliwa Kindu. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, ilijenga kwanza kipande cha kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kikakamilika mwaka 1906. Kutoka Ubundu meli zilipandisha mizigo hadi Kindu, na kutoka Kindu njia ya reli iliyokamilika mwaka 1911 iliipeleka Kongolo. Mji ukaitwa hata Port-Empain. Mizigo yote ilibadilisha chombo hapa, ikitoka melini kuingia behewani au kinyume chake, kwa hiyo palihitajika watu wa kutengeneza boila, kuchonga mbao, kunyoosha vyuma, kuendesha winchi. Mtu mwenye kazi ya reli alikuwa na mshahara wa kila mwezi, na nyumba yake ilijulikana. Je, hilo halithibitishi kwamba ufundi uliheshimiwa? Linathibitisha kwamba kampuni iliheshimiwa. Fundi wa reli alijifunza mengi kazini, na ujuzi wake uliandikwa kwenye daftari la kampuni. Akiondoka, hakuondoka na kitu ambacho mwajiri mwingine au shule nyingine ingelazimika kukikubali. Heshima yake ilisimama juu ya mshahara. Miaka mingi baadaye, mishahara ya reli ilipokoma kulipwa, heshima ile ilikosa pa kuegemea, na watoto wa wafanyakazi wa reli waliyaona yote.

Maniema ilipitiwa pia na kijana ambaye maisha yake yanaeleza mfumo huu kuliko takwimu. Patrice Lumumba, mzaliwa wa Onalua katika Sankuru mwaka 1925, alisoma kwenye shule za misheni, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaja upande huu na kufanya kazi ya ukarani katika Symétain, kampuni ya migodi ya bati iliyokuwa na makao Kalima, mashariki ya Kindu. Kutoka hapo akaenda Stanleyville, na mwaka 1947 akapelekwa kwenye shule ya posta ya Léopoldville. Cheti alichopata kilikuwa cha kazi kabisa: kilimfundisha barua, hundi na hesabu za posta, kikampatia ajira serikalini. Alikitumia vizuri kuliko wengi. Lakini alikuwa msomaji mkubwa, mwandishi wa magazeti, mtu ambaye nchi nyingine ingempa nafasi ya kuendelea na masomo, na cheti kile hakikuwa na hatua ya pili. Mwafrika hakupanda hadi cheo cha Mzungu aliyefanya naye kazi ofisi moja, wala hakulipwa kama yeye. Mwaka 1959 tu ndipo watumishi wa serikali wa rangi zote walipowekwa chini ya kanuni moja. Kilichompandisha Lumumba hatimaye ni siasa. Tunapomsifu kwa kujisomea mwenyewe, tukumbuke kwamba alijisomea kwa kuwa shule ilikuwa imemaliza naye.

Kwa Waislamu wa Kindu njia ilikuwa nyembamba zaidi. Kuanzia mkataba wa 1925 fedha za serikali zilikwenda kwa misheni za Kikatoliki, na Waprotestanti walianza kuzipata mwaka 1948 tu. Familia ya Kiislamu iliyotaka mtoto apate cheti cha serikali ililazimika kumpeleka mahali alipotarajiwa kubatizwa. Wengi walikataa, wakawapa watoto wao chuo cha Kurani pamoja na kazi: cherehani, duka, uashi, uvuvi. Katika jimbo ambalo Uislamu una mizizi mirefu kuliko popote Kongo, watu wengi waliokuwa na ujuzi halisi walibaki bila karatasi hata moja. Wasichana nao, wa dini zote, walipelekwa kwenye shule za mambo ya nyumbani, kushona na kupika, na kilichotoka huko hakikuhesabiwa kuwa cheti cha kazi. Shule rasmi za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika zilianza mwaka 1954, alipokuwa waziri wa makoloni Auguste Buisseret, miaka sita tu kabla ya uhuru. Shule zinazoendeshwa na jumuiya ya Waislamu kwa makubaliano na serikali zimekuja baadaye sana, na leo ni sehemu ya kawaida ya Kindu. Anayeuliza kwa nini Maniema ina mafundi wengi wasio na vyeti aanzie hapa, asianzie kwenye tabia za watu.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 nchi nzima, ilhali watoto waliokaa kwenye madawati ya shule ya msingi walizidi milioni moja. Ofisi za Wabelgiji zilibaki wazi kwa ghafla, na walioziingia ni wale waliojua Kifaransa cha ofisini: makarani na walimu. Fundi stadi wa reli, ambaye pengine alijua mengi zaidi, hakuitwa. Kizazi kizima kikaona kwa macho yake kalamu ikipanda na nyundo ikibaki chini. Ndipo serikali mpya ikafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii, nalo halikueleweka vya kutosha nyumbani. Baada ya mageuzi ya shule za sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwaka 1967 ulianzishwa Mtihani wa Serikali, ambao watu huuita Exetat. Anayemaliza Latini na falsafa, anayemaliza pedagojia, anayemaliza biashara, na pia anayemaliza umeme, ujenzi au mekanika katika mkondo mrefu, wote wanakaa katika mtihani huo wa taifa, na wakipata nusu ya alama wanapokea cheti cha jina moja: Diploma ya Serikali. Mafundi wa mkondo huo huitwa A2. Kisheria diploma yao inawafikisha chuo kikuu sawasawa na ya mwenzao aliyesoma fasihi. Kwa mara ya kwanza tangu 1906, kijana aliyejifunza kazi ya mikono aliweza kufanya kazi mara moja au kuendelea na masomo, na hakuna mwajiri wala misheni iliyomchagulia.

Mageuzi hayo yaliacha kando kundi moja. Pembeni ya mkondo mrefu kuna mkondo mfupi wa miaka mitatu, unaoishia kwenye breve, ambayo watu wa kazi huiita A3. Mwenye breve hakai katika Exetat. Akitaka chuo kikuu, hana budi kurudi nyuma na kutafuta diploma kwanza. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, iliyochukua nafasi ya ile ya 1986, imerefusha elimu ya msingi hadi miaka minane, kisha ikaweka humanite za miaka minne kwa upande mmoja na mkondo mfupi wa kazi na wa sanaa na ufundi kwa upande mwingine. Kwa hiyo neno moja, ufundi, leo linabeba vitu viwili vilivyo mbali sana. Kuna ufundi unaofika chuo kikuu na kuna ufundi unaoishia breve. Wazazi wengi huwachanganya wanafunzi hawa katika kapu moja, na kapu hilo ni lile la mwaka 1929. Wanamkataza binti mwenye akili ya hesabu asisome umeme, wakidhani atafungiwa, kumbe A2 ya umeme ingemfikisha kwenye uhandisi haraka kuliko diploma ya pedagojia. Au wanamwandikisha kijana katika mkondo mfupi bila kujua, na wanagundua mwaka wa mwisho kwamba jina lake halitakuwa kwenye orodha ya Exetat. Matokeo ya Exetat yanapotangazwa, vijana humwagiwa unga mweupe kichwani na kuzungushwa mtaani kwa nyimbo. Breve haina siku kama hiyo.

Kumbukumbu peke yake isingetosha kuendeleza mkanganyiko huu miaka yote hii, uchumi umesaidia. Shule ya pedagojia au ya biashara inahitaji ubao, chaki na walimu. Shule ya mekanika inahitaji mashine, vyuma, umeme na mafuta, kila mwaka. Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za dini mwishoni mwa 1974, ikazirudisha chini ya usimamizi wa makanisa kwa mkataba wa Februari 1977, na katikati ya vuta nikuvute hiyo fedha za vifaa zilikuwa zikipungua. Tangu mapema miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa haina thamani tena, wazazi wenyewe ndio waliobeba shule mgongoni kwa kulipa primi, yaani nyongeza ya mishahara ya walimu. Shule inayoishi kwa pesa za wazazi maskini itafungua fani gani? Ile inayotaka chaki tu. Tangu 1974 CFL ilikuwa imeunganishwa katika shirika moja la taifa, ambalo leo ni SNCC, na treni za kufika Kindu zikawa adimu. SOMINKI, iliyorithi migodi ya Symétain mwaka 1976, ilikufa miaka ya 1990. Kisha vita: Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD Oktoba 1998, na reli ikakatika kwa miaka. Waajiri wakubwa wa mafundi waliondoka wote ndani ya kizazi kimoja. Uamuzi wa 2019, serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, umewapunguzia wazazi mzigo wa miaka ya kwanza, lakini humanite bado zinalipiwa, na hapo ndipo fani huchaguliwa kwa bei badala ya kipaji.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoijua hali ya shule zenyewe. Wanasema: diploma ya A2 isiyo na karakana ni udanganyifu, kijana anachora injini daftarini miaka minne na hajawahi kuigusa. Ni kweli, na ni aibu. Lakini tuangalie hoja hiyo inatupeleka wapi. Inadai karakana zirudi. Haidai kijana aache fani. Mwenzake wa biokemia naye amemaliza bila maabara, na hakuna anayesema biokemia ifutwe. Tena katika Exetat fani za ufundi zina mtihani wa vitendo kabla ya kikao cha kawaida, na mtihani huo unaweza kutumika kuibana shule: isiyo na kifaa hata kimoja isiruhusiwe kutoa watahiniwa wa mekanika hadi ipate makubaliano na karakana ya mjini. Mafundi magari, wachomeleaji na maseremala wa Kindu wana vifaa ambavyo shule hazina.

Hapo wengine husema: kama vifaa viko kwa mafundi wa mtaani, shule ya nini? Kijana akae na fundi miaka miwili, atajua kazi. Atajua, naam. Ujuzi mwingi wa Mikelenge umehifadhiwa namna hiyo, kwa Kiswahili, mdomo kwa mdomo, na ninauheshimu. Tatizo ni kwamba kazi kubwa zinapokuja, barabara, mtambo wa umeme, ghala la shirika la kimataifa, anayeajiri anaomba karatasi, na fundi wa miaka ishirini anabebeshwa matofali chini ya kijana mwenye A2 asiyejua kuchanganya zege. Nchi ina chombo cha kurekebisha hilo: INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ambayo inaweza kumfundisha mtu mzima na kumpa cheti cha ujuzi wake. Exetat yenyewe inawakubali wanaojisomea, baada ya mtihani wa awali. Lakini mitihani hiyo ni ya Kifaransa, nayo inampima fundi lugha kabla ya kumpima kazi. Sioni sababu ya haki ya kumzuia mtu anayejua kusuka nyaya za nyumba nzima asieleze kazi yake kwa Kiswahili, lugha ya taifa ambayo shule za Maniema tayari huitumia katika madarasa ya mwanzo.

Limebaki pingamizi la wakuu wa elimu: ukiwaruhusu wenye breve kuendelea, wote watakimbilia chuo kikuu na hakuna atakayebaki karakanani. Historia ya Kindu inaonyesha kinyume. Miaka yote ambayo fundi alifungiwa, watu waliikimbia karakana kabla hata ya kuingia. Aliye na hakika kwamba anaweza kuendelea siku moja hana haraka ya kuondoka. Anaweza kufanya kazi miaka mitano, akaoa, akajenga, kisha akarudi kusoma. Sasa vyuo vikuu vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD, unaohesabu masomo kwa vipande vinavyoweza kuhamishwa, kwa hiyo kisingizio cha kwamba hakuna namna ya kuhesabu kile mwenye breve anachokijua kimepungua nguvu. Wizara iweke mwaka mmoja wa kuunganisha, breve na miaka kadhaa ya kazi vikitangulia, halafu Exetat ya fani husika. Na wakati wizara inafikiri, wakuu wa shule za Mikelenge wanaweza kufanya jambo ambalo halihitaji bajeti: kubandika mlangoni, kabla ya uandikishaji wa Septemba, orodha ya kila fani wanayofundisha, jina la cheti chake, na kama cheti hicho kinafika chuo kikuu au hakifiki. Mzazi, usilipe hata faranga moja ya kumwandikisha mtoto wako mpaka uione orodha hiyo, na ukiambiwa ufundi, uliza papo hapo: wa diploma, au wa breve?